Nalipwa kwa dola usiku, mchana naona kila mtu ananipotezea muda

Shikamoo Anti,

Nina miaka 29, naishi Kimara Temboni na mama pamoja na wadogo zangu wawili. Nimeajiriwa mapokezi katika ofisi moja Posta, huu mwaka wa tano. Mshahara ni Sh650,000 kabla ya makato. Miaka miwili iliyopita rafiki yangu alinifundisha kazi za mtandaoni: kusikiliza sauti za mikutano na mahojiano na kuziandika, na kutafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili. Nafanya usiku, saa tatu mpaka saa nane. Kuna miezi napata mara mbili ya mshahara, kuna miezi hata robo yake haifiki.

Shida yangu si hela, ni mimi mwenyewe. Nikikaa pale mapokezi najiona kama nimefungwa. Bosi akifoka, zamani nilikuwa naenda kulia chooni, siku hizi namwangalia tu mpaka amalize. Wenzangu wakianza habari za nyongeza ya mshahara nawaonea huruma. Binamu yangu anaoa, nimewekwa kwenye kamati. Nikajikuta napiga hesabu kikao kimoja cha muda wa saa tatu ni dola ngapi zimenipita. Sijaenda hata kimoja. Mama, ambaye ametusomesha kwa kukaanga samaki, anasema nimeota mapembe na siku moja matapeli wataniingiza mjini. Mchumba wangu ni fundi umeme, anasema siku hizi naongea naye kama mteja. Na mteja wa mtandaoni akinipa nyota nne badala ya tano, siku hiyo silali.

Nataka kuacha kazi mwisho wa mwezi ujao. Anti, ni mimi niliyeharibika au wao ndio hawanielewi?

Aliyebadilika, Kimara

Marahaba mwanangu.

Nianze na huyo bosi, maana hapo nakupigia makofi. Mtu akiamini kwamba nje ya kile kiti chake hakuna anayemhitaji, kila bosi akifoka anaona maisha yameisha. Halafu siku moja anatokea mtu asiyekujua, yuko nchi ambayo hujawahi kufika, anakulipa kwa sababu tu umeandika vizuri alichokisema. Hajui ukoo wako, hajui nani alikuunganishia kazi. Kesho yake bosi akifoka unasikia kelele tu. Hicho umekipata, na hata kazi za mtandaoni zikikauka usikubali kikuponyoke. Wapo watu wanafikisha miaka 60, wanaagwa kwa keki na saa ya ukutani, na hawajawahi kujua ujuzi wao una bei gani nje ya geti la mwajiri.

Sasa nije kwenye yale nisiyoyapenda.

Umeandika barua nzima ya mtu aliye huru, halafu karibu na mwisho ukaniibia siri: nyota nne, hulali. Hofu yako haijaisha, mwanangu, imehama tu. Bosi wa Posta ukimwona asubuhi unajua leo kaamkaje; ukikosea anakuita, mnavutana, yanaisha. Huyu wa mtandaoni humjui hata sura. Anabonyeza nyota huku anakunywa kahawa yake, na wewe huku Temboni unakesha unajiuliza umekosea wapi. Na katikati yenu yupo mwenye mtandao naye anachukua chake. Fiverr, kwa mfano, humkata mfanyakazi asilimia 20: kwenye dola 100 unashika 80, na hapo bado gharama za kuzitoa mpaka ziingie kwenye simu yako. Akiamua kubadili masharti hakuiti kikao. Sisemi haya ili uache. Ila usijidanganye kwamba siku hizi humtegemei mtu. Umebadilisha tu unaowategemea. Nyota nne si balaa. Soma alichoandika, kama kuna cha kurekebisha rekebisha, kisha lala.

Kulala nako. Saa nane za usiku unafunga kompyuta, na alfajiri unatakiwa uwe unagombea mwendokasi. Huko kote kuongea kwa mkato na kukosa subira, mimi nashuku nusu yake ni usingizi. Uliposema mchumba wako analalamika unaongea naye kama mteja nilicheka, maana najua mnavyowabembeleza wateja wenu. Angefurahi kweli angeongeleshwa hivyo. Anachopata yeye ni "sawa", "nimeona", "baadaye". Mpangie usiku mmoja kwa wiki usio na kompyuta, na asubuhi yake mwangalie kama bado analalamika.

Sasa tuje kwenye kamati ya harusi.

Hesabu yako ya saa tatu haina kosa. Umekosea kitu ulichokipigia hesabu. Muulize mama yako. Mwanamke aliyewasomesha kwa samaki wa kukaanga hajui mshahara wa mwisho wa mwezi. Anawahi Feri samaki wanaponadiwa, ananunua kwa bei ya siku hiyo. Bahari ikichafuka bei inapanda, na akirudi Temboni wateja wanataka kipande kwa bei ileile ya jana. Wengine wanakopa. Siku nyingine karai linaisha kabla ya magharibi, siku nyingine mnakula wenyewe. Hayo unayoyaona mageni, mwezi huu mara mbili ya mshahara na mwezi ujao robo, yeye ameishi nayo tangu hujazaliwa. Na huyo fundi wako je? Anapigiwa simu, anapatana bei, anamaliza kazi, halafu mwenye nyumba anamwambia njoo Jumamosi. Katika jiji hili wenye mshahara ndio wachache. Umekuja kujiunga na wengi, na umeingia kwa mbwembwe kana kwamba umegundua kitu kipya.

Waangalie basi hao wengi wanavyoishi. Sitashangaa kama mama yako hakosi msiba, hakosi kicheni pati, ana kikoba chake na daftari linalomwambia nani alimtolea nini mwaka gani. Unaweza kudhani anapenda shughuli tu. Mtu asiye na mshahara, mambo yakigoma, hana pa kukimbilia isipokuwa kwa watu. Mwajiriwa anaweza kujifungia ndani kwake: mshahara utaingia, makato ya NSSF yatapelekwa, akiugua ana ruhusa yenye malipo. Wewe unataka kuviacha vyote hivyo, na wakati huohuo unawakimbia watu. Kati yako na wenzako wa ofisini, anayehitaji kukaa kwenye ile kamati kuliko wote ni wewe. Siku umelazwa na wateja wamehamia kwa mwingine, atakayekuletea uji ni binamu na mke wake.

Kwa hiyo nenda. Si vikao vyote, hilo hata mimi sikushauri. Kamati za mjini zinaanza saa mbili baada ya muda uliotangazwa na nusu ya kikao ni kubishania rangi ya sare. Omba ukatibu. Kazi yako ni kusikiliza na kuandika, hapo hakuna atakayekufikia. Orodha ya walioahidi na waliotoa iwe inaingia kwenye kundi la WhatsApp kila Jumapili, ni kazi ya nusu saa. Na mchango wako toa wote mapema, usingoje kukumbushwa.

Kuhusu matapeli, usimcheke mama. Yeye aliiona DECI, ule mchezo wa upatu. Watu walipanda hela wakiahidiwa kuvuna, ilipofika 2009 ikafungwa, na wapo ambao hawakuona tena walichopanda. Tangu hapo zimekuja nyingine nyingi zenye majina ya kila aina, na za siku hizi zinaingilia kwenye simu na kujiita kazi za mtandaoni, jina hilohilo unalolitumia wewe. Atajuaje yako ni tofauti? Anachokiona ni binti amefunga mlango anakesha na kompyuta. Usiku mmoja mwite akae kitandani kwako. Mvalishe hedifoni asikie mtu anavyoongea huku feni inavuma nyuma yake na mwingine anamkatiza. Aone unavyorudisha sekunde tano, mara ya pili, mara ya tatu, kwa neno moja tu, na mistari inavyoongezeka pole pole mpaka ukurasa unajaa. Mwambie: mama, sikumwingiza mtu ili nilipwe, sikuweka hela ikazaa, nimeandika haya. Muuza samaki ana jicho la kazi, akiiona ataijua.

Wenzako wa ofisini waache na nyongeza yao. Huenda yuko mmoja hapo ambaye nyumba yake inaezekwa kwa mkopo wa benki uliopita kwenye mshahara huohuo unaouonea huruma. Wewe nenda na makadirio ya dola benki hiyohiyo uone wanavyokutazama.

Sasa hilo la kuacha kazi. Mwisho wa mwezi ujao ni mapema mno, na naona unataka kuondoka kwa sababu umewachoka watu wa pale. Toa daftari. Usichukue miezi mizuri. Chukua mitatu mibaya kuliko yote ya mwaka huu, uone kama ingelipa Luku, bando, ada za wadogo zako na chakula cha nyumba. Kisha ukumbuke kwamba dola yenyewe haitulii. Mwaka 2024 ilipita Sh2,700, na kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi karibu Sh2,400. Mtu anayelipwa dola 300 alipoteza kama Sh90,000 kwa mwezi na hakuna nyota hata moja aliyopunguziwa. Mei mwaka huohuo nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, intaneti ikawa ya kuokoteza. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, ikazimwa siku kadhaa. Mteja aliyeko Toronto anasubiri faili lake, habari za Dar hazimhusu. Wateja wa kudumu, waambie mapema kwamba mambo haya hutokea na mkubaliane mtafanyaje, na uwe na laini za mitandao miwili tofauti, hilo ni la lazima.

Jingine ni mashine. Kuandika sauti ya Kiingereza kilichonyooka kompyuta siku hizi inafanya yenyewe kwa dakika chache, na naamini hata wewe umeona bei za kazi hiyo zikishuka. Kiswahili cha mtaani, kile cha watu wanaoongea kwa pamoja na kuchanganya lugha, bado kinazitoa jasho. Sogea huko. Ongeza tafsiri na kusahihisha yaliyoandikwa na mashine, punguza kile kinachokukeshesha kwa senti.

Na NSSF. Kwa kawaida inapelekwa asilimia 20 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri. Kwa Sh650,000 huyo bosi unayemkodolea macho anakuwekea Sh65,000 kila mwezi. Una michango ya miezi kama 60, na pensheni ya uzee inataka isiyopungua 180. Ukitoka unaweza kuendelea kuchangia mwenyewe kama mtu aliyejiajiri, ila uipange kabla ya kutoka, maana ukishatoka utasema mwezi ujao, mwezi ujao. Halafu una mchumba. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mshahara kamili, na 100 akipata mapacha. Toronto hakuna atakayekupa hata tatu. Kama mnapanga mtoto karibuni, hesabu ya kuacha kazi ni ya watu wawili. Kaeni na fundi wako muipige pamoja.

Mimi ningekuambia ubaki pale mapokezi mpaka uwe na akiba ya kuendesha nyumba miezi sita na wateja wawili au watatu wanaorudi wenyewe kila mwezi bila wewe kuwatafuta. Inaweza kuchukua mwaka. Siku ikifika, andika barua ya kistaarabu, toa notisi ya siku 28 kamili kama sheria inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi, mfundishe atakayekaa kwenye kiti chako, na usiondoke bila cheti chako cha utumishi. Usimpe bosi hotuba. Ofisi za Posta zimejaa mikataba na miongozo ya Kiingereza ambayo wafanyakazi wanaisaini bila kuielewa, na huyo mfokaji ukiachana naye vizuri ndiye wa kwanza kumpelekea bei zako za tafsiri. Huyo mtoze kwa shilingi, na uchukue nusu kabla ya kuanza.