Maswali ya Wasomaji: Masika haya, twende Lushoto au tuahirishe?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na shoga zangu wanne, wote wa hapa Tanga, tuko pamoja tangu sekondari. Mwaka jana tuliweka nia ya kwenda Lushoto siku tatu, na likizo pekee iliyotukutanisha sote imeangukia katikati ya Aprili. Sasa mvua imeshika. Mmoja anaogopa barabara ya Soni, ile ya kupanda Lushoto. Mwingine anasema tutajifungia ndani tukitazama ukungu, heri pesa hizo tukale samaki hapa Raskazone, ufukweni. Wa tatu, ambaye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuhimiza michango, ghafla anasema mvua imemvunja moyo, jina lake tulitoe. Je, kuna cha kuona huko wakati wa masika? Na habari za kale za mji ule tutazipata wapi kama mvua hainyamazi?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Nendeni.

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja, na mama yangu mzazi ni Mshambaa wa upande wa Soni, kwa hiyo mlima ule nimeupanda kiangazi, nimeupanda vuli, nimeupanda Julai vidole vikiwa vimekufa ganzi. Ukiniambia nichague, nachagua masika. Ila nina masharti: msisafiri usiku, na msiwe na haraka.

Nianze na barabara, maana anayeogopa ana haki ya kuogopa. Kutoka Tanga hadi Mombo hakuna la kutisha. Mtapita Muheza, Segera, Korogwe, mikonge kulia na kushoto. Kazi inaanzia Mombo, mnapoiacha barabara kuu ya Moshi na kukunja kulia. Hapo ni kilomita kama 33 za kupanda mpaka mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni lami, lakini imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mwamba na udongo, upande wa pili bonde. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, udongo unashiba maji, na mawe yaliyokuwa yameshikiliwa nao yanaachia.

Yamenikuta. Tulikodi Noah hapa mjini, tukamwamini mwenye gari alipoapa kuwa matairi ni mapya. Kabla ya kufika Soni tukakuta tope limeshuka barabarani. Dereva akakanyaga breki, gari likaserereka kama sahani juu ya sabuni, likajigonga ukutani. Namshukuru Mungu halikuelekea upande wa bonde. Niliposhuka nikainama, nikaligusa tairi. Lilikuwa laini kama kisigino cha ndala kuukuu. Tulikaa pale saa tatu na nusu mpaka wanakijiji walipokuja na majembe. Tangu siku ile sitoi hata shilingi ya kwanza kabla sijainama na kupitisha kidole gumba kwenye tairi, zote nne na la akiba. Nanyi fanyeni hivyo, msimwonee mtu haya.

Ondokeni Tanga saa kumi na mbili asubuhi. Mkifika Mombo, msipige simu kwa ndugu kuuliza hali ya njia. Waulizeni makonda wa magari yanayoshuka kutoka juu, wao wameiona barabara muda si mrefu uliopita. Wakisema pamefunga, kaeni Mombo mnywe chai mpaka pafunguliwe. Na mkikuta maji yanapita juu ya daraja, dereva akisema analijua daraja lile tangu utotoni, shukeni garini.

Sasa huyu wa ukungu. Mwambie upepo unaompepea pale Raskazone ndio huohuo unaokwenda kupanda milima ya Usambara, uliko mji wa Lushoto. Unatoka baharini umebeba mvuke, unakutana na mlima, unalazimika kupanda, na kila unapopanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi kama 6. Ikipoa haiwezi tena kuubeba ule mvuke, ndipo unageuka ukungu na mvua. Ukungu wa Lushoto ni bahari yetu wenyewe imekwenda kutembea.

Na hautulii mahali pamoja. Mara ya mwisho nilipokwenda Irente, kilomita 5 au 6 kutoka mjini, nilisimama ukingoni mwa jabali nisione chochote zaidi ya weupe. Wenzangu wawili wakakata tamaa, wakarudi nyuma kutafuta mahali pakavu. Mimi nilikaa kwenye jiwe, nimejitanda kanga mbili juu ya sweta. Ikapita kama nusu saa. Kisha weupe ukachanika chini, si juu, kipande kama dirisha, na ndani ya dirisha lile nikaona paa la bati linang'aa, mistari ya mikonge, na lori jekundu dogo kama kiberiti likitambaa kwenye barabara kuu. Huko chini jua lilikuwa linawaka! Mimi natetemeka, wao wanatoka jasho, na kati yetu ni hatua moja ya jabali. Nikawaita wenzangu kwa sauti kubwa, wakaja mbio, wakawahi kidogo, dirisha likafungwa. Siku ya kiangazi ungeliona bonde lote kwa mkupuo mmoja, ukapiga picha, ukaondoka. Lile lori nalikumbuka mpaka leo.

Mkitoka hapo pitieni shamba la Irente mle mkate wao mweusi kwa jibini na jamu. Jioni, mvua ikipungua, chukueni tochi mtembee taratibu kando ya ua wa miti, mkimulika matawi. Vinyonga wakilala usiku rangi yao hupauka, na tochi inawaonyesha weupe kabisa katikati ya majani meusi, mkia umeviringwa kama uzi wa cherehani. Usambara ina vinyonga wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Watazameni tu, msiwashike.

Umeuliza habari za kale. Wengi wakifika Lushoto huanza na Wajerumani, na hapo ndipo wanapokosea. Anzeni na Vuga, upande wa Soni, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kiti cha Wakilindi, wafalme wa Washambaa. Wazee husimulia kuwa Mbegha, mwanzilishi wao, alikuja kutoka nchi ya Nguu akiwa mwindaji, akawaulia watu nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akagawa nyama, akaua simba, wakamtawaza. Mfalme mwingine wa Wakilindi, Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, alikuwa na nguvu mpaka huku pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimfikia Vuga mwaka 1848, barabara ya Soni haijawazwa.

Na sikiliza hili, maana linahusu mvua yenu. Kwa Washambaa mfalme hakuhesabiwa kwa askari peke yake, alihesabiwa kwa mvua. Wana usemi, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi: mfalme mwema mvua inanyesha, chakula kinajaa, watu wanatulia. Kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu nchi, na hapo jua linakausha kila kitu. Marehemu mama yangu akisikia matone ya kwanza juu ya bati alikuwa anaacha alichokishika, anasimama mlangoni, ananyamaza. Nilipokuwa mdogo nilidhani anangojea mgeni. Kwa hiyo mkifika kule msianze kuilalamikia mvua mbele ya wenyeji. Hamtaeleweka.

Wajerumani walikuja baadaye, wakauita mji Wilhelmsthal, Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm II. Walikimbia joto na malaria ya huku kwetu. Reli yao ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na ikachukua zaidi ya miaka kumi kufika Mombo, mtu akashuka hapo na kuanza kupanda mlima. Baadhi ya majengo yao bado yamesimama pale mjini na yanatumika, kuta nene, madirisha marefu, nanyi mnaweza kuyatembelea kwa saa mbili tu kati ya manyunyu na manyunyu. Mkimpata mzee wa kuzungumza naye, mwulizeni habari za kamba ya chuma iliyokuwa ikishusha magogo kutoka msitu wa Shume mpaka Mkumbara kwenye reli. Mkiwa na siku ya akiba, msitu wa Magamba uko jirani, na kima wake, mbega, hawajali mvua. Huko mtalipa kiingilio na mtachukua mwongozaji.

Nimebakisha shoga yenu wa tatu, na huyu ndiye aliyenifanya niichague barua yako.

Mtu aliyezaliwa Tanga, anayezijua masika tangu tumboni, na aliyekuwa akiwahimiza wengine watoe michango, haivunji safari kwa ajili ya mvua. Inawezekana nimekosea. Lakini nenda kwake. Usimwandikie kwenye kundi lenu la simu, usiende na mwenzako, nenda peke yako jioni, ukae naye uani, umsaidie kuchambua mchele, kisha umwulize kwa upole: umekwama? Ninalo lililonifundisha. Tulipokuwa vijana tulikwenda Lushoto sita badala ya saba. Wa saba alisema anaumwa meno. Tulimcheka, tukaondoka. Miezi mingi baadaye nikajua kwamba wiki ile alikuwa ameuza cherehani yake kumtibu mumewe, na alikuwa ameona aibu kutuambia. Ameshatangulia mbele ya haki. Kila nikipita Soni nakumbuka kuwa hakuwahi kuyaona maporomoko yale, na nauli yake ingegawanywa kwa watu sita.

Akikuambia ni pesa, ligaweni fungu lake nyinyi wanne, na liishe hapo hapo, lisitajwe safarini hata kwa mzaha. Mpeni kazi yenye heshima, awe mshika hazina. Aliianza kazi hiyo mwenyewe.

SWALI: Mwalimu, nguo za safari ya Lushoto wakati wa mvua tuzibebeje zisilowe? Mifuko ya nailoni siku hizi imekatazwa.
Msomaji, Muheza

JIBU: Ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Kila mmoja na yake: ndani soksi jozi tatu, sweta, kanga kavu na kiberiti. Ikitolewa nguo inakuwa kigoda, na asubuhi ni ya maji ya kuoga. Mwavuli acheni nyumbani, upepo wa Irente unaupindua. Koti la mvua na viatu vyenye meno chini, kwani udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya.

SWALI: Nataka kurudi Tanga na mboga za Lushoto, lakini mara zote zinaoza njiani. Nakosea wapi?
Mama Lishe, Ngamiani

JIBU: Unanunua siku ya kwanza dada yangu, na unanunua zilizooshwa. Nunua asubuhi ile unayoshuka. Viazi na karoti chukua vyenye udongo wake, tia kwenye salfeti inayopitisha hewa, usivichanganye na kitu kibichi. Kabichi acha majani mawili matatu ya nje, ndiyo koti lake. Matunda laini beba mapajani. Ukifika Segera joto litakuwa limeanza kuzipiga mboga, fungua mdomo wa salfeti hapo hapo. Na ukifika nyumbani usiku, usilale kabla hujazitandaza sakafuni.