Maswali ya bima: jimbo likitaka soko lake

Jimbo letu hapa Marekani likifungua soko lake la bima ya afya, serikali ndiyo itanilipia hospitali?

Hapana. Soko ni tovuti tu ya kulinganisha na kununua bima; anayelipa ni kampuni ya bima utakayoichagua humo. Swali hili hurudi kila msimu wa kujiandikisha, na jibu ni lilelile tangu Oktoba 2013.

Kuna faida gani kuachana na HealthCare.gov, soko la serikali ya shirikisho?

Fedha na mamlaka. Serikali ya shirikisho huzitoza kampuni asilimia fulani ya ada za wateja, nazo huibebesha bei yako. Jimbo lenye soko lake hujitozea lenyewe. Pennsylvania ilipohamia Pennie, soko lake lenyewe, kwa bima za 2021, sehemu ya fedha ilizookoa ilikwenda kuzifidia kampuni gharama za wagonjwa wazito, ili ada zishuke. Jimbo linaweza pia kurefusha muda wa kujiandikisha.

Ila wanasiasa wanapenda uzinduzi kuliko majaribio. Cover Oregon, soko la jimbo la Oregon, ilikula zaidi ya dola milioni 200 za serikali ya shirikisho, na siku ya kufunguliwa hakuna aliyeweza kujiandikisha mtandaoni mwanzo hadi mwisho. Watu wakajaza fomu za karatasi, makarani wakazichakata kwa mkono. Mwaka 2014 Oregon ikaamua kurudi HealthCare.gov, kisha ikaingia mahakamani na Oracle, kampuni iliyojenga mfumo huo. Maryland nayo ilikwama, lakini ikawa na akili ya kuchukua mfumo wa Connecticut uliokuwa tayari unafanya kazi.

Kwa hiyo kabla ya kushangilia, muulize mbunge wako wa jimbo: mfumo umejaribiwa na familia ambayo mama ana bima ya kazini, watoto wako Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na baba hana kitu?

Bima ya daraja la Bronze ndiyo ya bei nafuu. Ninunue?

Kipato kikiwa hakizidi asilimia 250 ya kiwango cha umaskini cha serikali ya shirikisho, tazama kwanza Silver, daraja linalofuata juu. Punguzo la kile unachojilipia hospitalini liko huko. Anayekusukumia Bronze bila kuuliza kipato chako anatafuta kamisheni.

Nitaijuaje tovuti halali?

Anzia HealthCare.gov, chagua jimbo lako, itakuelekeza. Usianzie kwenye tangazo, hata liwe na bendera.

Gavana anaweza kulifunga soko?

Kentucky walishafunga. Wateja wa Kynect, soko la jimbo hilo, walihamishiwa HealthCare.gov kwa bima za 2017, gavana mwingine akairudisha kwa bima za 2022. Mkihamishwa, fungua akaunti mpya ukague kipato na majina ya wanafamilia kabla dirisha la kujiandikisha halijafungwa.