Vitabu vya haki na mahakama, nianze na kipi?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mi sijasomea sheria ila mambo ya kesi nayapenda balaa, nataka vitabu vya kunionyesha kama sheria kweli inamtendea kila mtu sawa au ni ya wenye nacho tu. Visiwe vya kitaalamu jamani, nitasinzia.

JIBU: Husinzii wewe. Anza na Just Mercy cha Bryan Stevenson, wakili wa Marekani, kilitoka 2014. Humo kuna Walter McMillian wa Alabama, mtu mweusi aliyebambikiwa kesi ya mauaji wakati siku ya tukio alikuwa kwake na watu kibao wanakaanga samaki, mashahidi wote hao wakapuuzwa, na kabla hata kesi haijasikilizwa walishamweka kwenye seli za wanaosubiri kuuawa! Jopo la raia waliosikiliza kesi likapendekeza kifungo cha maisha, jaji akagoma akampa kifo. McMillian katoka gerezani 1993. Hapo ndo utaona shida sio vifungu vya sheria tu, ni nani akiongea anaaminiwa.

Ukimaliza shika The Trial cha Franz Kafka, kilichapishwa 1925 mwenyewe keshafariki. Hiki ni riwaya, mhusika wake Josef K. anakamatwa asubuhi na hata mwisho wa kitabu haambiwi kosa lake. Kinachosha, nadhani makusudi.

To Kill a Mockingbird, riwaya ya Harper Lee, utatajiwa na kila mtu, kizuri sawa, ila mi kinanikera kidogo maana wakili ndo tunamjua vizuri, Tom Robinson anayeshtakiwa tunamsikia kidogo sana.