Namna ninavyosahihisha uhakiki wa makala za uchumi, kwa aliyeuliza kuhusu "sampuli ndogo"

Mkuu, hongera kwa ajira na pole kwa rundo. Umesema umepewa semina za uchumi wa maendeleo mwaka wa tatu, wanafunzi wamehakiki makala ya wachumi Miguel na Kremer kuhusu dawa za minyoo mashuleni, na karibu kila karatasi inakuambia sampuli ni ndogo, utafiti ulifanyika sehemu moja, data haitoshi. Wote wameandika kitu kilekile, wanachotofautiana ni Kiingereza tu. Sasa alama utazitoaje?

Kazi za aina hii nimesahihisha miaka mingi, na swali ninaloandika pembeni ya karatasi ni lilelile: kama kasoro hii ni ya kweli, matokeo yangesogea upande gani, na kwa kiasi gani? Hoja isiyogusa swali hilo haipati kitu kwangu, hata iandikwe kwa lugha ya kumtoa nyoka pangoni.

Twende na makala hiyohiyo maana unayo mkononi. Shule 75 za msingi za Busia, Kenya, zenye wanafunzi wapatao 30,000, ziligawanywa makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa za minyoo 1998, la pili 1999, la tatu likasubiri hadi 2001. Makala ikatoka kwenye jarida la Econometrica mwaka 2004 ikisema utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizopewa dawa, ila alama za mitihani hazikupanda.

Anayelalamikia sampuli, muulize: sampuli ya nini? Anayekujibu kwamba watoto 30,000 ni wengi, basi hakuna tatizo, naye hajaelewa. Dawa iligawiwa kwa shule, si kwa mtoto mmojammoja, na watoto wa shule moja hula vumbi moja, wana walimu walewale na hukosa shule siku ileile mto ukijaa. Namba ya kuangalia ni 75. Mwanafunzi akifika hapo, akaangalia kama makosa sanifu (kipimo cha kadirio linavyoweza kuyumba) yamekokotolewa kwa kuzingatia shule (yamezingatia), mpe alama zake hata kama anamalizia kwa kukiri kwamba hoja yake haina nguvu. Na hasa akikiri.

Kuna hoja nyingine itakayokuhadaa kwa sababu inasikika ya kitaalamu: "watafiti wangegawa watoto ndani ya shule moja, nusu wapewe dawa na nusu wasipewe." Ukiiona hiyo, jua mwenzetu hata ikisiri hakuisoma. Moyo wa makala ni kwamba minyoo huambukizwa. Mtoto akitibiwa, mayai yanayofika kwenye udongo na maji yanapungua, kwa hiyo hata jirani yake wa dawati asiyemeza kidonge ananufaika. Ukiwalinganisha hao wawili, pengo linakuwa dogo na dawa inaonekana haina maana. Ndiyo sababu mgawanyo ulifanywa kwa shule. Mwingine atasema shule jirani ambazo hazijapata dawa nazo zilinufaika, hivyo tofauti iliyopimwa ni ndogo kuliko athari yenyewe. Huyo amejua mwelekeo, lakini waandishi walishalisema. Mpe alama za kusoma, za ugunduzi bado.

Ugunduzi wenyewe unafananaje? Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuleta aya fupi tu kuhusu namna makundi yalivyopatikana: shule za kila eneo ziliorodheshwa kwa alfabeti, kisha zikapangwa kwa kuruka, kila ya tatu kwenye kundi lake. Akaandika kuwa hiyo si bahati nasibu kamili. Wengi wangeishia hapo wakajipongeza. Yeye akauliza herufi ya kwanza ya jina la shule ingehusiana vipi na utoro, akarudi kwenye jedwali linalolinganisha makundi kabla ya dawa, akataja yanapofanana na yasipofanana, akahitimisha kwamba kasoro ipo ila ni vigumu iwe ndiyo iliyozaa robo nzima ya utoro. Alimpita kwa mbali mwenye kurasa sita za lawama.

Utakutana pia na waliosoma mtandaoni kwamba utafiti wa minyoo "ulianguka" mwaka 2015. Kilichotokea ni kwamba wataalamu wa epidemiolojia walirudia hesabu wakakuta makosa kwenye programu ya kompyuta, hasa katika kukadiria faida kwa shule zilizo kati ya kilomita 3 na 6 kutoka zile zilizopewa dawa. Faida hiyo ya mbali ikadhoofika, lakini matokeo ya utoro ndani ya shule zilizopewa dawa yalibaki, ingawa ubishi uliendelea kuhusu namna ya kuunganisha data za miaka miwili. Mwanafunzi asiyeweza kutenganisha hayo anarudia umbea.

Wakiuliza mfano wa uhakiki wa kweli, mimi huwapa wa Thomas Herndon, aliyekuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa sababu ilianza kama kazi ya darasani. Alijaribu kurudia hesabu za wachumi Reinhart na Rogoff za 2010 kuhusu deni la taifa, ikashindikana, akaomba faili lao. Wao walikuwa na wastani wa ukuaji wa -0.1% kwa nchi zenye deni zaidi ya 90% ya pato la taifa. Yeye na walimu wake, mwaka 2013, wakapata 2.2%. Dunia ilicheka kosa la Excel lililoacha nchi tano nje, lakini kosa hilo peke yake lilikuwa na mchango mdogo. Kilichobeba zaidi ni miaka iliyoachwa na uzito uliotolewa kwa kila nchi: mwaka mmoja wa New Zealand, 1951, wenye -7.6%, ulihesabiwa sawa na miaka 19 ya Uingereza. Wasomee hilo darasani kabla ya kazi inayofuata.

Kuhusu mgawanyo, kwa kazi ya alama 20 mimi hutoa 5 kwa kueleza kwa haki makala inadai nini na kwa ushahidi gani, 10 kwa hoja mbili tu (ya tatu siisomi, na nawaambia mapema), 4 kwa kusema data gani ingemaliza ubishi, 1 kwa lugha. Ndiyo, moja. Kiingereza kibovu chenye hoja nzima kinanisumbua kidogo sana kuliko kinyume chake, na siku hizi roboti linaandika Kiingereza safi kuliko sisi wote.

Kwa wanaodesa kazi za wenzao, dawa yangu ni dakika chache za ana kwa ana. Fungua jedwali lolote la makala, weka kidole kwenye namba moja, mwulize inamaanisha nini. Aliyesoma atababaika kisha atafika. Ambaye hakusoma ataanza kukuelezea umuhimu wa utafiti kwa maendeleo ya Afrika.

Na jiandae na malalamiko, hasa kwa wanaonusa sup (mtihani wa marudio). Usibishane nao mlangoni. Mwambie achague hoja yake bora, aongeze sentensi mbili kujibu lile swali la upande gani na kwa kiasi gani, akuletee kesho yake. Akileta, soma upya kwa moyo mweupe. Wengi hawarudi.