Kwa nini tusipige magoti mbele ya pengwini?

SWALI: Mwezi Januari nitapanda meli ya msafara Ushuaia, Argentina, kwenda Rasi ya Antaktika. Karatasi za safari zinasema tutashuka mara mbili kwa siku, lakini makatazo ni mengi: msikae chini, msipige magoti, msiwasogelee pengwini. Siku yenyewe huwaje? Na tutaona nini hasa?

JIBU: Ndugu msomaji, utaona mengi, na ni kwa sababu ya makatazo hayo hayo. Nimeendesha boti za mpira huko misimu sita nikiwashusha abiria. Waliorudi melini na furaha kubwa ni wale waliosimama mahali pamoja wakatulia.

Asubuhi kiongozi wa msafara hutangaza kama tunashuka. Upepo na barafu ndivyo vinavyoamua, kwa hiyo ratiba usiishike sana. Kabla ya kupanda boti utakanyaga beseni la dawa ya kuua vijidudu. Mifuko ya koti na begi lako vitakuwa vimeshakaguliwa, visibebe mbegu za majani. Virusi vya mafua ya ndege vilithibitishwa katika bara hilo mwaka 2024. Mabuti yanaoshwa, suruali na begi haviingii kwenye beseni. Ndiyo maana goti lisiguse ardhi.

Nchi kavu hawazidi abiria 100 kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu kabisa. Mnakwenda kwa zamu, basi zamu yako itumie vizuri.

Chukua mfano wa Neko Harbour, ghuba ndogo kwenye Rasi hiyo. Harufu itakupokea kabla boti haijagusa kokoto: kinyesi cha pengwini, chekundu kwa uduvi wanaokula. Kwenye theluji kuna vijia walivyovichonga kwa miguu yao wakipanda na kushuka. Usivikanyage. Buti lako likiacha shimo, lifukie, kwani pengwini akitumbukia humo hutoka kwa taabu. Umbali wa chini ni mita 5, lakini sharti hilo linakubana wewe tu. Yeye akitaka kupita mbele yako atapita. Novemba moja nilimtazama mmoja akiiba kokoto kwenye kiota cha jirani. Aliibeba mdomoni, akainama mbele ya mwenzake, akaiweka, akarudi kuiba nyingine. Mara saba! Mama mmoja aliyesimama karibu nami alikuwa akitokwa na machozi, na mimi sikuwa mbali na kulia.

Hapo Neko usizubae ukingoni mwa maji. Ng'ambo kuna mto wa barafu, na pande lake likikatika hunguruma kama radi, kisha wimbi linakuja. Mkiambiwa pandeni juu, pandeni. Picha baadaye.

Alasiri pengine mtazunguka kwa boti tu. Mwombe dereva azime injini. Utasikia vipande vya barafu vikitatarika majini: ni hewa iliyonaswa humo tangu zamani mno, inatoka. Nyangumi akiwa karibu, mara nyingi pumzi yake utaisikia kabla hujamwona. Kaa kimya, usisimame ghafla botini.

Glavu chukua jozi mbili, za ndani nyembamba, ili ubonyeze kamera bila kuanika vidole. Kuvuka Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, huchukua kama siku mbili kwenda na mbili kurudi; dawa ya kichefuchefu meza kabla meli haijaingia bahari kuu, usingoje tumbo lianze kuchafuka.