Mgeni Ameshasoma Blogu Kabla ya Kushuka Bandarini

Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya kuongoza watalii Mji Mkongwe, jueni kuwa mgeni wa siku hizi ameshasoma blogu tangu kwao. Anaziamini kuliko vipeperushi vya hoteli, maana mwandishi anasema "nilikwenda mwenyewe, nilikula, nililala". Kwake yeye, nyinyi mnatakiwa mumthibitishie tu.

Atakuonesheni kwenye simu picha ya ndani ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, aulize mnaingia saa ngapi. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020! Kumbe blogu ina kichwa kipya chenye mwaka huu, lakini kilichobadilishwa ni huo mwaka tu, maelezo ni yale ya zamani. Mimi hupima kwa bima. Blogu ikieleza gharama zote za kuja Zanzibar bila kutaja bima ya lazima ya dola 44 iliyoanza 1 Oktoba 2024, basi haijaguswa tangu kabla ya hapo, na nauli na viingilio vyake msivitegemee.

Wingi wa blogu nao usiwatishe. Kuhusu kisiwa cha Changuu, kiitwacho pia Kisiwa cha Gereza, mtakuta nyingi zinasimulia wafungwa waliojaa kwenye ile jela, kwa maneno yanayofanana hadi nukta. Zimenakiliana. Jengo lilijengwa miaka ya 1890 liwe jela kweli, lakini likaishia kuwa karantini kwa kuhofia homa ya manjano.

Lakini si kila tofauti ni uongo. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya 27 Agosti 1896, wengine wanaandika dakika 38, wengine 45. Mizinga ilianza kama saa 3 asubuhi, hilo halina ubishi. Wanachohitilafiana ni lini vilikwisha. Mgeni akikukazania dakika zake, mwacheni nazo, mpelekeni kwenye habari ya Sayyid Khalid, aliyejitwalia usultani, kukimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Huko ndiko kwenye kisa.

Na mnapomsahihisha, tumieni adabu. Ukimwambia "umedanganywa" mbele ya mkewe, umeshamkosa siku nzima. Sema "ilikuwa hivyo, siku hizi iko hivi", kisha muoneshe kwa macho.

Blogu inayosifu hoteli moja kila aya, huenda mwandishi alipewa chumba bure. Mgeni akikuulizeni, mwambieni, ila si pale mapokezi.