Birling ni zaidi ya "ana majivuno"

Salama ndugu. Umesema uchambuzi wako wa Arthur Birling, yule mwenye kiwanda katika tamthilia ya An Inspector Calls, umegota kwenye "ana majivuno" na mwalimu kaurudisha. Nami niliwahi kukwama hapo hapo.

Angalia mwaka kwanza. Tamthilia inatokea 1912, lakini J. B. Priestley aliiandika 1945. Birling anapotamba mezani kwamba Titanic haiwezi kuzama na vita havitakuja, watazamaji wanajua yaliyotokea. Kiburi kinamuumbua hata kabla kengele ya mlango haijalia na mkaguzi wa polisi kuingia.

Halafu ile divai ya port. Anamwambia Gerald, mchumba wa binti yake, kwamba ni ile ile anayonunua baba yake Gerald, Sir George Croft. Tajiri aliyetulia katika tabaka lake angesema hivyo kwa nini? Mkewe mwenyewe kamzidi hadhi, na Birling anamdokeza Gerald kwamba huenda akatunukiwa u-Sir. Mimi hapo naona hofu ya mtu aliyepanda juzi, na ndiyo ningeiandikia aya ndefu.

Usimsahau Eva Smith, mfanyakazi aliyefukuzwa kiwandani kwa Birling baada ya mgomo wa kudai shilingi 25 kwa wiki badala ya 22 na nusu. Itaje tofauti hiyo, shilingi mbili na nusu. Sijui mmewekewa maneno mangapi. Yakiwa machache, baki na port.